Ofisi ya kazi mseto katika nchi ya majanichai: Mafunzo ya paa, birika na ukarimu

KAZI mseto ni utaratibu ambao mfanyakazi huligawa juma lake baina ya nyumbani na ofisini. Nchini Kenya, utaratibu huu ulienea kwa ghafla Machi 2020, serikali ilipowahimiza waajiri kuwaruhusu watu wafanyie kazi majumbani baada ya kisa cha kwanza cha virusi vya corona kuthibitishwa nchini.

Janga lilipotulia, baadhi ya mashirika hayakurejea kikamilifu katika desturi ya zamani. Hapo ndipo swali jipya lilipozuka. Iwapo mtu halazimiki kufika ofisini kila siku, ofisi yenyewe itampa sababu gani ya kufika?

Jibu la wasanifu wengi wa majengo limekuwa kuiga hoteli. Ofisi hupewa sebule badala ya ujia mtupu, meza za pamoja badala ya dawati lenye jina la mtu, vyumba vidogo vya utulivu, na jiko lililo katikati badala ya kufichwa nyuma karibu na msala. Aidha, hutarajiwa kuwa jengo hilo liwe endelevu, yaani litumie kawi, maji na malighafi bila kuyaharibu mazingira.

Maandishi mengi kuhusu ofisi za namna hii huchukulia kwamba zipo London au Singapore, mahali ambapo stima haipotei na mvua haisikiki ndani ya nyumba. Katika kaunti za Kericho na Bomet, mambo yote mawili ni ya kila juma. Kwa hivyo usanifu wake hauna budi kuanzia mahali pengine.

Kwa mujibu wa sensa ya 2019, Kericho ilikuwa na wakazi 901,777 na Bomet 875,689. Wengi wao hutegemea shamba, na kazi ya kuchuma majanichai haiwezi kufanywa kupitia tarakilishi. Hata hivyo, wapo maelfu ya watu wa dawati: maafisa wa kaunti, makarani wa viwanda vya chai, wafanyakazi wa vyama vya akiba na mikopo, wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Kabianga, watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Majanichai, pamoja na vijana wanaojitafutia riziki kwa kazi za mtandaoni.

Jijini Nairobi, faida kuu ya kufanyia kazi nyumbani ni kuepuka msongamano wa magari. Kwa karani anayeishi karibu na Mogogosiek au Kapkatet, hesabu ni tofauti. Barabara ya kwake huenda ikawa matope matupu baada ya mvua ya jioni, lakini nyumba yake nayo huenda ikawa na mtandao hafifu, paa la mabati lisilo na dari, na ng'ombe anayesubiri kukamwa saa ile ile ya mkutano. Anayetoka asubuhi akapanda bodaboda na kisha matatu hadi mjini huwa anatafuta mahali pakavu, penye joto, mwangaza na utulivu. Asipopapata, kesho atabaki kwake, wala hatakuwa na kosa.

MGENI ALIYELOWA

Wenyeji wa Kericho wanao mfano wa karibu wa ukarimu uliojengwa kwa matofali. Tea Hotel, iliyoko mjini Kericho, ilijengwa na kampuni ya Brooke Bond katika miaka ya 1950, takriban miongo mitatu baada ya kampuni hiyo kuanza kilimo cha chai katika eneo hilo. Bustani zake zilielekezwa kwenye mashamba ya majanichai, ili mgeni ainue macho kutoka kikombeni na kuuona mmea wenyewe.

Kinachofaa kuigwa katika hoteli si mazulia wala taa za kuning'inia. Ni mpangilio wa mapokezi. Mgeni aliyelowa hupokelewa na mtu, huonyeshwa pa kutundika koti, huletewa kitu cha moto, kisha ndipo huulizwa shida yake. Katika ofisi nyingi za humu nchini mpangilio huo umegeuzwa: mlangoni yupo bawabu anayedai kitambulisho, kisha daftari kubwa lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi, halafu benchi baridi ujiani. Mfanyakazi ambaye hajaonekana tangu Ijumaa iliyopita hupokelewa kana kwamba amekuja kudai deni.

Katika nchi ya majanichai, chumba cha kwanza cha ofisi kingepaswa kuwa chumba cha matope. Kinahitaji paa lililotokeza nje vya kutosha ili abiria wa bodaboda ashukie pakavu, bomba la kuoshea viatu, chuma cha kukwangulia nyayo, benchi la kuketi anayebadilisha viatu, na vigingi vya makoti ambavyo maji yake hudondokea kwenye mfereji badala ya sakafuni. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya viti vya kuagizwa ng'ambo, ilhali faida yake huonekana kuanzia siku ya kwanza ya mvua.

PAA KWANZA

Mji wa Kericho uko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Mara nyingi asubuhi huwa na jua. Baada ya adhuhuri, hewa yenye unyevu kutoka upande wa Ziwa Victoria hukutana na upepo wa nyanda za juu, na mawingu hufumka yakaleta ngurumo.

Zaidi ya hayo, eneo hili ni miongoni mwa yale yanayopata mvua ya mawe mara nyingi zaidi ulimwenguni. Imewahi kurekodiwa zaidi ya siku 100 za mvua hiyo katika mwaka mmoja. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970, wakuzaji chai waligharimia hata ndege za kunyunyizia mawingu kemikali ili kupunguza hasara shambani. Mawingu hayakushindwa.

Kwa ofisi ya kazi mseto, tatizo la mvua hiyo ni kelele. Nusu ya mkutano iko chumbani na nusu nyingine iko kwenye skrini. Mvua ikigonga mabati matupu, walioko mbali husikia ngurumo tu, na walioko chumbani hulazimika kupaaza sauti hadi siri za idara zisikike barabarani. Hakuna kipaza sauti cha bei yoyote kinachoweza kulitibu paa baya.

Tiba yenyewe ni ya fundi wa kawaida. Chini ya mabati huwekwa nafasi ya hewa, kisha tabaka zito la kuzuia sauti na baridi, halafu dari ya mbao isiyo na mianya. Vigae vya udongo hupunguza mshindo zaidi, ingawa uzito wake hudai kenchi imara na bajeti kubwa. Jengo likiwa na ghorofa, vyumba vya mikutano viwekwe chini, zege ya sakafu ya juu iwe ndiyo kinga yake. Vyumba vya juu viachiwe wanaoandika au kuhesabu kimya kimya.

Kuna tiba nyingine isiyogharimu hata senti: ratiba. Mikutano ya mtandaoni ifanyike kabla ya adhuhuri, na saa za alasiri ziachiwe kazi ya mtu binafsi. Wachumaji wa majanichai wamekuwa wakiipanga siku yao kwa kutazama mbingu tangu zamani, na haieleweki kwa nini mkuu wa idara ashindwe.

Anayetaka kuona paa lililofikiriwa vyema atembelee Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu la Dayosisi ya Kikatoliki ya Kericho, lililowekwa wakfu mwaka wa 2015. Lilisanifiwa na kampuni ya John McAslan + Partners ya London ili kutoshea waumini wapatao 1,500. Paa lake la vigae huinuka kufuatana na mteremko wa kilima na limebebwa na fremu za zege. Ndani, vipande vyembamba vya mbao vimepangwa kuifuata mifupa hiyo, vikiupokea mwanga unaoshuka kutoka juu. Mawe, mbao na vigae vilitafutwa humu nchini. Milango ya pembeni hufunguka, hewa ikapita bila mashine, na umati ukizidi watu husimama chini ya upenu.

Kanisa si ofisi, na waumini hawabebi vipakatalishi. Hata hivyo, jengo hilo linathibitisha mambo mawili ambayo wajenzi wa ofisi mjini humo huyasahau: kwamba malighafi ya karibu yaweza kuzaa jengo la hadhi ya kimataifa, na kwamba katika mwinuko huu hakuna haja ya kiyoyozi.

JOTO LISILOPOTEA

Wastani wa halijoto mjini Kericho ni kama nyuzi 17 hivi za selsiasi. Sehemu za kusini mwa Bomet, kuelekea Chepalungu, huwa na joto na ukavu zaidi, kwa hivyo ramani moja haiwezi kufaa kaunti zote mbili. Mtu anayetembea haoni taabu katika nyuzi 17. Anayeketi saa nne mbele ya skrini huona vidole vikifa ganzi.

Kwa kuwa eneo hili liko karibu kabisa na ikweta, jua hupita utosini. Jengo refu lililolala mashariki hadi magharibi hupata mwangaza mwanana kupitia madirisha ya kaskazini na kusini. Chumba kimoja, hata hivyo, kielekezwe mashariki kwa makusudi, nacho ni kile cha chai ya asubuhi, ili watu wapashwe joto na jua kabla ya kutawanyika mezani. Madirisha ya vioo vya kupandana, yanayopendwa kwa urahisi wake, huvujisha baridi usiku kucha, yafaa yaachwe.

Nyumba za mameneja katika mashamba makubwa zilijengwa na meko ukutani. Meko ya wazi hupendeza katika picha, lakini joto lake jingi hutoroka kupitia dohani, na moshi huwasumbua wenye pumu. Jiko la chuma lililofungwa hutumia kuni chache zaidi. Na suala la kuni si dogo huku: viwanda vya chai huchoma kuni za mikaratusi ili kukausha majani, na ukataji miti katika misitu ya umma ulipigwa marufuku mwaka wa 2018 hadi amri hiyo ilipoondolewa Julai 2023. Ofisi inayojiita endelevu sharti iweze kueleza kuni na mbao zake zilitoka shamba gani.

BIRIKA NA BETRI

Sehemu kubwa ya stima inayozalishwa nchini Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Kwa hivyo, kinyume na ilivyo katika mataifa mengi, uchafuzi wa ofisi ya Kericho hautoki hasa kwenye soketi. Hutoka kwenye saruji iliyotumika kuijenga, mafuta ya magari yanayowaleta watu, na jenereta ya dizeli inayowashwa stima inapopotea.

Eneo hili lina historia ya kujitegemea kikawi. Kampuni kubwa za chai zilijenga mitambo yao ya umeme wa maji, na Hospitali ya Tenwek, iliyo karibu na mji wa Bomet, imekuwa ikitumia maporomoko ya Mto Nyangores kuzalisha umeme tangu miaka ya 1980. Ofisi ya kawaida haina mto, lakini ina paa.

Hesabu yake ni rahisi. Kipakatalishi kimoja hutumia wati 50 hivi, kwa hivyo 20 kwa pamoja hutumia wati 1,000. Birika moja la umeme hutumia wati 2,000. Katika nchi ya majanichai, basi, mzigo mzito kwa betri ni chai! Aliyenunua betri kwa kuzihesabu tarakilishi pekee atashangaa kuona giza saa nne asubuhi, mtu wa kwanza anapochemsha maji.

Suluhisho lipo katika kila jikoni la Kenya: chupa ya chai. Maji yachemshwe asubuhi jua likiwa juu au stima ikiwapo, yahifadhiwe katika chupa kubwa zinazotunza joto, na birika liwekwe kwenye waya ambao hauunganishwi na betri. Paneli za jua zenyewe zichaguliwe zile zenye kioo kilichokomazwa na kupimwa dhidi ya mvua ya mawe, na betri ziweze kubeba alasiri nzima ya mawingu.

Kuhusu maji, mtu hahitaji kutafuta mbali. Paa la mita mraba 200 likipata milimita 1,800 za mvua kwa mwaka hupokea lita 360,000. Hata moja ya tano ikipotea, hubaki lita 288,000. Watu 20 wakitumia lita 25 kila mmoja kwa siku 250 za kazi huhitaji lita 125,000. Kinachokosekana ni tangi la kutosha na mifereji isiyozibwa na majani, na hasa mtu aliyepewa jukumu la kuizibua.

MEZA NGAPI?

Ofisi yenye watu 40, kila mmoja akija siku tatu kati ya tano, huonekana kuhitaji meza 24. Wastani huo hudanganya. Watu huja siku zinazofanana, na hukosa siku zinazofanana: siku ya soko, siku ya lori la majanichai, juma la bonasi ambapo wakulima hulipwa malipo yao ya pili ya mwaka na kila familia ina shughuli mjini. Ni busara kuweka meza 30 hivi na kuacha sebule na baraza zipokee ziada, badala ya kubana hadi mtu aliyesafiri saa nzima akose pa kuketi.

Wakipsigis wanalo jina la mkutano wa majirani wa kuamua mambo: kokwet. Watu huketi mahali pa wazi, kila mmoja akiuona uso wa mwenzake. Chumba cha mkutano mseto chahitaji sura hiyo hiyo. Skrini iwekwe kwenye upande mmoja wa meza kama kiti cha mtu, kwa kimo cha macho, wala isitundikwe juu karibu na dari ambapo walioko mbali huwatazama wenzao utosini.

Sheria nazo zina madai yake. Sheria ya Afya ya 2017 inawataka waajiri watenge mahali pa akina mama wanaonyonyesha. Vilevile, kwa kuwa viwanja vya Kericho ni vya mteremko, ngazi huwa ni jawabu jepesi la mjenzi na kikwazo kwa anayetumia kiti cha magurudumu. Njia ya mwinamo ipangwe kabla ya msingi kuchimbwa.

Na mgeni ana haki ya kuaga. Mwaka wa 2022, Seneta wa Nandi, Samson Cherarkey, aliwasilisha mswada wa kumlinda mfanyakazi dhidi ya simu na barua pepe za mwajiri baada ya saa za kazi. Ofisi yenye ukarimu ambayo humfuata mtu hadi kitandani haijawa na ukarimu wowote.

UKARIMU WA NANI?

Neno ukarimu lina uzito wa pekee katika ardhi hii. Wakati Tea Hotel ilipokuwa ikiwapokea wageni, wachumaji wa mashamba makubwa waliishi katika nyumba ndogo zilizopangwa kwa mistari. Mbali na hayo, familia za Wakipsigis na za ukoo wa Talai zimekuwa zikidai haki kwa kufurushwa enzi za ukoloni ili mashamba hayo yapatikane. Mwaka wa 2019, Tume ya Kitaifa ya Ardhi iliafiki kuwa walitendewa dhuluma, na mwaka wa 2022 malalamishi yao yalifikishwa katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Mei 2023, mashine za kuchuma majanichai ziliteketezwa Kericho katika ghasia za watu waliohofia ajira zao.

Mwajiri anayejenga sebule ya kifahari katika mazingira hayo hujiweka kwenye mizani bila kujua. Kazi mseto ni fursa ya wenye dawati. Msafishaji, mpishi, bawabu na dereva huja siku zote tano, mvua ikinyesha au isinyeshe. Iwapo chumba chenye joto ni cha wale wanaokuja mara tatu kwa juma, na anayekifagia hula chakula chake stoo, basi mistari ya zamani imejengwa upya kwa vioo.

Mfano wa namna nyingine upo mjini humo humo. Hekalu la Masingasinga la Kericho, linalomkumbuka Baba Puran Singh, aliyeishi mjini humo kabla ya kuhamia Uingereza, hufuata desturi ya dini hiyo ya kumlisha kila anayefika bila malipo na bila kuulizwa dini wala cheo. Watu huketi pamoja na kula chakula kimoja. Ofisi haiwezi kuwa hekalu, lakini yaweza kuwa na jiko moja, aina moja ya vikombe, na kabati la kufuli kwa kila mfanyakazi, akiwemo yule wa ufagio.

VITUO VYA KUNUNULIA MAJANI

Si lazima ofisi yote iwe mjini. Katika vijiji vya wakulima wadogo wadogo vimetapakaa vituo vya kununulia majanichai, vibanda vyenye paa ambavyo hujaa watu wakati wa kupima majani na kusubiri lori, kisha hubaki vitupu. Tayari viko kando ya barabara inayopitika, kwani lori sharti lifike, na kila mtu kijijini huvijua.

Chumba kimoja cha kufungwa kwa kufuli kikiongezwa ubavuni, chenye dari, meza nne, paneli mbili au tatu za jua, mtandao na chupa ya chai, kingempunguzia karani safari ya kwenda mjini siku mbili kwa juma, na jioni kingetumiwa na wanafunzi. Vituo hivyo viko chini ya kampuni za viwanda ambazo wanahisa wake ni wakulima wenyewe, na huwa na kamati zilizochaguliwa. Anayetaka kujenga chumba hicho hana budi kuanza kwa kamati, kisha mkutano wa mwaka wa kiwanda, ambako ataulizwa kwanza ni nani atakayelipia mtandao mwezi ambao majani ni haba.